Waliofungwa Pasipo Kosa

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa Jubilei, kwa ukumbusho wa waalimu wa Bonde wa 1914 hata 1916



Tumepewa leo kazi ya kunena juu ya imani ya Mkristo wakati ateswapo bila haki. Twashukuru kwa heshima hiyo, lakini kwanza tuliona kwamba jambo lenyewe halipatani na siku. Jubilei ni siku ya furaha, na katika siku ya furaha watu hupenda kuhesabu makanisa yaliyojengwa, na shule zilizofunguliwa, na jamaa waliobatizwa. Ndipo tukakumbuka kwamba katika Sheria ya Musa mwaka wa Jubilei haukuwa mwaka wa kuhesabu mali. Ulikuwa mwaka wa kupiga baragumu na kuwatangazia uhuru waliofungwa. Basi tukasema, je, dayosisi yaweza kufanya Jubilei isiwataje wafungwa wake? Kwa hiyo tumechagua kuwataja waalimu wa Bonde na wenzao, waliotiwa minyororo na serikali ya Wadachi katika vita vilivyoanza mwaka 1914. Wadachi ndilo jina ambalo wazee wetu waliwaita Wajerumani, nasi tutalitumia kama wao. Wengi wa wafungwa wale majina yao hayasomwi tena mbele ya altare. Wengine walirudi kwao wamedhoofika, na wengine hawakurudi kabisa.

Na tangu mwanzo tuliweke wazi swali ambalo vijana wetu wametuuliza zaidi ya mara moja: Je, watu hawa waliteswa kwa ajili ya Kristo, au waliteswa kwa ajili ya ugomvi wa Wazungu? Swali hili si utovu wa adabu. Ni swali la haki, nasi tutalijibu kwa kadiri tuwezavyo, bila kuipamba habari kwa mambo yasiyokuwako.

Yako mateso ambayo hayahitaji maelezo. Katika Uganda, siku ya 31 Januari 1885, vijana watatu wa Misioni ya CMS waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mwaka ule ule, 29 Oktoba, Askofu Hannington aliuawa katika nchi ya Busoga. Tena tarehe 3 Juni 1886 Wakristo wengi walichomwa moto Namugongo, Waanglikana na Wakatoliki, na moto mmoja ukawaunganisha wale ambao walimu wao hawakupatana. Twapenda kukumbuka, sisi watu wa pwani, kwamba wasomaji wa kwanza wa Uganda walisoma Injili kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Askofu Steere wa Unguja, kabla haijafasiriwa yote kwa Kiganda. Lugha yetu ilikuwapo pale. Habari za mashahidi wale ni wazi kama jua la mchana, hata mtoto wa shule huzielewa. Mfalme alisema, Acheni kusali. Nao wakasema, Hatuachi.

Habari ya watu wetu haikuwa hivyo. Hakuna ofisa wa Kidachi aliyewaambia wamkane Kristo. Wadachi wenyewe walikuwa watu waliobatizwa, na wamisionari wa taifa lao walikuwa wakihubiri Injili Tanga na katika milima ya Usambara. Ugumu wa habari yetu umo katika jambo hilo, na ili kulifahamu yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Kanisa letu lilianza na watu waliotolewa katika minyororo. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, Sultani Majid alimpa watoto watano wa kiume waliookolewa katika biashara ya watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879, naye ndiye Mwafrika wa kwanza wa Misioni yetu kupata daraja hiyo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale likajengwa kanisa kuu. Kutoka Unguja Misioni ilivuka bahari ikaja Bonde. Kabla ya mwaka 1870 mmisionari alikwisha fika Magila, na mwaka 1875 akaja Padre Farler kukaa na kufundisha. Mahali pale pakaitwa Msalabani, na jina hilo litatufaa baadaye katika maneno yetu.

Basi Unguja na Bonde vilikuwa kama mama na mwana. Kijana wa Mkuzi au wa Misozwe, akionekana kuwa na bidii ya masomo, alipelekwa Kiungani katika chuo cha Mtakatifu Andrea. Huko alisoma pamoja na vijana wa Kiyao na wa Kimakua na wa makabila mengine, akajifunza Maandiko na hesabu na Kiingereza, kisha akarudi kwao kuwa mwalimu. Alileta vitabu vilivyopigwa chapa Unguja. Aliandika barua kwa rafiki zake wa Kiungani, nao wakamjibu. Wengine walioa huko. Hayo yote yalikuwa mema, na hakuna mtu aliyeyaona vingine.

Lakini mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi. Unguja na Pemba zikawa chini ya ulinzi wa Waingereza, na bara yetu ikabaki mikononi mwa Wadachi. Wabondei hawakuulizwa, wala Waunguja hawakuulizwa. Mpaka ule ulipita katikati ya dayosisi moja kama kisu kipitavyo katika mkate. Askofu akawa upande mmoja, na kundi kubwa la kondoo wake likawa upande wa pili. Kwa muda wa miaka 24 jambo hilo halikuleta madhara makubwa. Majahazi yalikwenda na kurudi, barua zilifika, na Askofu akavuka kuja kutia kipaimara kama kawaida.

Mwezi wa Agosti 1914 vita vikaanza, na mambo yale yale yaliyokuwa mema yakageuka kuwa dalili ya hatia. Kuwa na barua ya Unguja kukawa hatia. Kujua Kiingereza kukawa hatia. Kuwa na ndugu Kiungani, au kufundishwa na padre Mwingereza, au kumtaja Askofu katika sala, yote yakatiliwa shaka. Waingereza walipojaribu kuutwaa mji wa Tanga kwa meli, siku za 2 hata 5 Novemba 1914, walishindwa na kurudi baharini. Lakini tangu hapo kila mtu wa Misioni alitazamwa kama mtu awezaye kumfungulia adui mlango. Wakaitwa wapelelezi. Mtu aliyekuwa akifundisha watoto alfabeti chini ya makuti, ambaye hajapata kushika bunduki maishani mwake, aliitwa mpelelezi wa mfalme wa Uingereza.

Wamisionari Wazungu walikamatwa wakatiwa kifungoni, na hatimaye wengi wakapelekwa Tabora. Padre Spanton, mkuu wa Kiungani, alikuwa mmoja wao, naye alipata kuandika kitabu cha kifungo chao kilichotolewa mwaka 1917. Hatutaki kuyadharau mateso yao, kwa maana walikuwako waliougua na kudhoofika. Lakini kweli na isemwe: Mzungu alifungwa kifungo cha Mzungu, na Mwafrika akapewa mnyororo wa shingoni. Waalimu wetu walifungwa kamba moja na wevi na wauaji. Walipigwa viboko. Walifanyishwa kazi ngumu kwa chakula haba. Na safari yenyewe ilikuwa adhabu, kwa sababu reli ya Tanga na reli ya kwenda Tabora hazikuunganika wakati ule. Aliyetolewa Bonde hakuwa na budi kwenda kwa miguu kupita nyika kabla ya kuiona ile reli ya pili. Hawakuwa peke yao. Waalimu wa CMS wa Ugogo nao walitendwa vivyo hivyo, kwa tuhuma ile ile. Wako waliokufa katika vifungo, na makaburi yao hatuyajui.

Kifungo chao kilikwisha tarehe 19 Septemba 1916, mji wa Tabora ulipotwaliwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo. Maofisa wa jeshi lile walikuwa Wazungu, lakini askari wake walikuwa Waafrika wa Kongo. Tanga ilikuwa imekwisha twaliwa na Waingereza tangu 7 Julai mwaka ule ule. Wale waliobaki hai wakaanza kurudi kwao.

Sasa turudi katika swali la vijana wetu. Je, hawa waliteswa kwa ajili ya Kristo?

Twajibu kwa swali lingine. Bwana wetu mwenyewe alishtakiwa kwa neno gani mbele ya Pilato? Makuhani walikuwa na neno lao la dini, lakini walijua kwamba neno hilo halitamtisha liwali wa Kirumi. Wakamletea neno la serikali. Wakasema kwamba mtu huyu anawapotosha watu wasilipe kodi kwa Kaisari, na kwamba anajifanya mfalme. Juu ya msalaba yaliandikwa mashtaka ya siasa, si mashtaka ya sala. Mtu apitaye njiani siku ile, asiyejua habari, angaliweza kusema: Huyu ameponzwa na ugomvi wa Warumi na Wayahudi, mambo ya dini hayamo. Ndugu zetu, kanisa letu mama linaitwa Msalabani. Tukilitaja jina hilo kila siku na tusilione neno hili, tumelitaja bure.

Mateso yasiyo ya haki hayaji mara nyingi yakisema, Mkane Kristo. Huja yamevaa vazi jingine. Huja na karatasi ya mashtaka, na muhuri, na shahidi wa uongo. Kama tungengoja mpaka aje Mwanga mwingine na kuni zake, ndipo tuhesabu kwamba imani inajaribiwa, basi wengi wetu tungemaliza maisha yetu bila kujua kwamba tulijaribiwa. Kujaribiwa kwa mwalimu wa Bonde hakukuwa katika neno aliloshtakiwa. Kulikuwa katika jambo alilolitenda baada ya kushtakiwa.

Lugha yetu hapa ni mwalimu mwema. Sisi Waswahili tuna neno moja, shahidi, kwa mambo mawili. Shahidi ni yule asimamaye barazani mbele ya kadhi kusema aliyoyaona. Shahidi tena ni yule auawaye kwa ajili ya imani yake. Lugha nyingine hutenga maneno hayo, na yetu imeyaacha pamoja, kwa maana kazi yao ni moja: kusema kweli wakati kweli ina gharama.

Mtu aliyesingiziwa, akiwa ndani ya minyororo, hujiwa na majaribu matatu.

La kwanza ni kumtaja mwenzake. Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Ofisa hataki mengi, ataka jina. Ukimpa jina la jirani, kiboko huhamia mgongo wa jirani. Hatusemi kwamba kila mtu alisimama imara; wanadamu ni wanadamu, na maumivu ni maumivu, nasi hatukuwako hata tuwahukumu. Lakini twasema kwamba kila aliyepigwa akakataa kusema uongo juu ya ndugu yake alitoa ushahidi uliokuwa sawa na ule wa Namugongo. Hakuulizwa habari ya Kristo kwa kinywa. Aliulizwa kwa amri ile ya Mungu ikatazayo kumshuhudia jirani uongo, naye akajibu kwa mgongo wake.

Jaribu la pili ni kulikatia Kanisa tamaa. Hili lilikuwa gumu kwao kuliko kwa mashahidi wa Uganda, kwa sababu mikono iliyowafunga ilikuwa mikono ya watu wa dini yao. Mtu aweza kuvumilia kupigwa na asiyemjua Mungu, akasema, Hajui atendalo. Lakini apigwapo na aliyebatizwa, moyo humwuliza: Ubatizo huu una maana gani? Twadhani swali hili lilisikika usiku mwingi katika Tabora. Na jibu hatukuliona katika maneno. Tuliliona katika tendo, kwamba waliorudi walirudi makanisani. Walishika tena vitabu vyao, wakapiga kengele, wakafundisha watoto. Walikuwa wamejifunza kutofautisha Kristo na wale walitajao jina lake, na hilo ni somo ambalo hapana chuo kiwezacho kulifundisha kwa vitabu.

Jaribu la tatu ni kisasi. Dunia huzunguka, na mwaka 1916 ilizunguka upesi mno. Jana Mdachi alikuwa juu na mtu wa Misioni alikuwa chini. Leo Mwingereza ametawala, na anatafuta watu wajuao kusoma na Kiingereza ili awape kazi. Nao ni akina nani? Ni wale wale waliotoka vifungoni. Mtu aliyekuwa na mnyororo shingoni sasa ana kalamu mkononi, na mbele ya meza yake anasimama jumbe au akida wa zamani. Hapo ndipo mtu hujulikana.

Tutataja mmoja ambaye habari zake zimeandikwa. Martin Kayamba alikuwa Mbondei, aliyezaliwa mwaka 1891 na kulelewa katika Misioni na kusoma Kiungani. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa mwalimu aliyepata kusoma hata Uingereza. Katika vita Martin alifungwa na Wadachi pamoja na watu wengine wa Misioni, na baadaye akasimulia mambo ya maisha yake katika maandiko yaliyochapwa mwaka 1936. Alipofunguliwa aliingia kazi ya ukarani katika serikali mpya, akapanda hata akawa karani mkubwa Tanga. Basi alifanya nini na cheo hicho? Mwaka 1922, pale Tanga, yeye na wenzake walianzisha chama cha Waafrika wenye kazi za serikali, nacho kilikuwa miongoni mwa vyama vya kwanza vya namna hiyo katika Tanganyika. Katika chama kile walikaa pamoja Wakristo na Waislamu, watu waliosoma shule za Misioni na watu waliosoma shule ya Wadachi. Waliotoka gerezani waliketi meza moja na waliokuwa watumishi wa serikali iliyowafunga. Hatusemi Martin Kayamba alikuwa malaika. Alikuwa mtu wa wakati wake, na wako waliomlaumu kwa kuwategemea mno Waingereza. Lakini chama kile hakikuwa chama cha kisasi, na hilo si jambo dogo.

Wala watu wetu hawakuwa na sababu ya kuwachukia jirani zao Waislamu. Wazee wa Pangani na wa Bonde walisimuliana habari za vita vya 1888, pwani ilipoinuka juu ya Wadachi. Askofu Smythies alipofika Pangani katika ghasia zile, watu wenye hasira walitaka kumdhuru kwa kuwa ni Mzungu. Aliyemkinga ni Abushiri bin Salim mwenyewe, mkuu wa vita vile, akahakikisha kwamba amepita salama. Abushiri alinyongwa na Wadachi pale pale Pangani, 15 Desemba 1889. Kanisa letu lina deni la shukrani kwa Mwislamu yule, na deni la namna hiyo halifutiki kwa kupita miaka.

Sasa twataka kusema neno ambalo huenda likawa zito kuliko yote. Mtu aliyeonewa hujifunza kwa urahisi kulia juu ya kuonewa kwake. Si rahisi ajifunze kulia juu ya kuonewa kwa mwingine, hasa kama mwonevu ni rafiki yake. Waswahili husema, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Mtazameni Askofu Frank Weston. Vita vilipoanza alikuwa Unguja, na kwa muda wa miaka karibu miwili hakuweza kuwafikia watu wake wa bara. Mwaka 1916 alikusanya wapagazi wa Unguja, akaenda nao vitani akitembea kwa miguu kama wao, kwa sababu aliona kwamba wapagazi hufa kwa kukosa wa kuwaangalia. Na kweli katika vita vile wapagazi wa Kiafrika waliokufa, wa pande zote, walikuwa makumi ya maelfu. Aliposikia mateso ya waalimu wake aliandika barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, iliyochapwa mwaka 1918, akieleza jinsi Wadachi walivyowatendea Waafrika. Waingereza waliipokea kwa furaha. Si ajabu, kwa kuwa iliwashtaki adui zao, nao walikuwa wakitafuta sababu za kutoirudisha nchi.

Lakini mwaka 1919 serikali ya Kiingereza katika Kenya, chini ya Gavana Northey, ilitoa waraka wa kuwaagiza maofisa na wakuu wa vijiji wawahimize watu waende kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, hata wanawake na watoto. Na kila mtu anajua maana ya kuhimizwa na mwenye nguvu. Askofu Frank angaliweza kunyamaza. Wenye serikali walikuwa watu wa taifa lake, na wengi walikuwa rafiki zake, tena vita vilikuwa vimekwisha. Hakunyamaza. Mwaka 1920 aliandika tena, na safari hii aliwashtaki Waingereza wenyewe kwamba wanawafanya Waafrika watumwa kwa jina jingine. Kelele zake na za wengine zilisikiwa London, na mwaka 1921 waziri wa makoloni, Churchill, aliagiza kwamba maofisa wasiwakusanyie watu wa kazi matajiri wenye mashamba.

Ndugu wapenzi, ushahidi juu ya adui hauna gharama. Kama Askofu Frank angaliandika barua ya 1918 peke yake, mtu angaliweza kusema, Huyu ni Mwingereza amtukanaye Mjerumani. Ni barua ya 1920 iliyothibitisha ile ya kwanza. Kwa hiyo tukiwakumbuka leo waalimu waliopigwa na Wadachi, na tusifanye ukumbusho wao kuwa kijiti cha kuwapiga Wajerumani. Hawakuteseka kwa kusudi hilo.

Na hapa tujiulize wenyewe. Waingereza walipoitwaa nchi, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa chini ya ulinzi, na mwaka 1920 wakafukuzwa nchini. Wakristo wa Kilutheri wa Usambara, jirani zetu wa Vuga na Mlalo, wakabaki bila wachungaji wao, na kazi yote ikawaangukia waalimu Waafrika, kama ilivyokuwa kwetu miaka michache kabla yake. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, mambo yakarudi yale yale. Wamisionari Wajerumani walikamatwa tena. Kati yao walikuwako watu wasio na kosa lolote ila kuzaliwa Ujerumani. Je, sisi wa Bonde, tuliojua jinsi inavyouma kundi kunyang'anywa mchungaji, tulivuka kilima kwenda kuwafariji? Kila mzee na aulize katika mtaa wake. Palipo na habari njema tushukuru, na pasipo na habari tutubu.

Tunakaribia mwisho. Mtu atasema, Hayo ni mambo ya kale. Minyororo ya Tabora imekwisha kuoza. Ni kweli. Lakini shahidi wa uongo hajaoza. Bado katika vijiji vyetu bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni huitwa mchawi, na majirani waliobatizwa husimama na mawe mikononi. Bado kijana huambiwa kazini, Weka sahihi hapa kwamba mwenzako ameiba, au kazi yako imekwisha. Bado mtu hutuhumiwa kwa sababu ya kabila lake, au kwa sababu ya nyumba ya sala aingiayo, kabla halijaulizwa neno lolote alilolitenda. Katika mambo hayo hakuna atakayetuuliza, Je, wamkana Kristo? Tutaulizwa jina la jirani tu. Na jibu letu litakuwa jibu letu juu ya Kristo.

Wala tusisahau kwamba mahali petu katika mashtaka si kila mara pa mwenye kuonewa. Mara nyingine sisi ndio wenye kushtaki, na mara nyingine sisi ndio Pilato, mwenye maji ya kunawa mikono karibu. Anayewaheshimu waalimu wa Bonde kwa kweli ni yule akataaye kumtenda mtu mwingine kama walivyotendwa wao.

Basi tuna ombi moja, nalo si kubwa. Wazee waliowajua wafungwa wale kwa macho wamekwisha kutuacha, lakini wako bado watoto wa watoto wao waliosimuliwa jioni mbele ya moto. Tunaomba kila mtaa uwatafute hao, uandike majina ya waliofungwa, na kijiji walichofundisha, na kama walirudi au hawakurudi. Na iandikwe kweli tupu. Aliyeanguka katika majaribu asiandikwe kwamba alisimama, wala asifutwe, kwa kuwa naye alichukua mnyororo. Kisha majina hayo yasomwe kila mwaka tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote. Siku hiyo ndiyo Askofu Frank aliyofariki, kule Hegongo, mwaka 1924, karibu na watu aliowaombolezea. Itafaa wasomwe pamoja, mchungaji na kundi, wasitenganishwe tena na mpaka wala bahari.

Kanisa letu lilianza na watoto watano waliotolewa katika minyororo, na miaka hamsini baadaye wajukuu wao katika imani walitiwa minyororo tena. Tangu mwanzo hata leo Mungu hakutuahidi kwamba hatutafungwa. Alituahidi kwamba atakuwa pamoja nasi ndani yake. Waalimu wetu walilijua hilo kwa miili yao. Sisi tulijue kwa kuwakumbuka, na kwa kutomfunga mtu yeyote kwa ulimi wetu.

Mungu na awape raha waliokwisha tangulia, nasi atupe moyo wa kusema kweli. Amina.